Nguruwe pori wa Unguja ni wa nani? Barua ya wazi kwa wakubwa wa misitu na kilimo

Assalaam alaykum waheshimiwa wakubwa zangu, na wale mnaosoma ambao si waislamu nawasalimu pia, habari zenu.

Mie ni mkulima wa muhogo, nakaa Kusini Unguja, konde langu lipo kwenye maweni, ardhi ya mawe matupu, na maji yakitoka nashuka pwani kwenye mwani. Kijiji sikitaji maana sitaki sheha wetu apigiwe simu aulizwe nani kaandika, na tena haya si ya kijiji kimoja, ukitoka Muyuni ukazunguka mpaka Charawe na Ukongoroni kila utakapokaa barazani utayasikia haya haya. Naandika kwa simu, usiku, nimekaa, usingizi hauji, kwa hiyo nikikosea herufi mtanisamehe lakini maneno nayataka yafike kama yalivyo.

Nataka kuzungumza habari ya nguruwe. Nguruwe pori, nguruwe mwitu, huyu mnyama ambaye kwenye mikutano yetu hata jina lake watu hawataki kulitamka, utasikia "yule mnyama", "wale wa usiku", "wale wageni wetu", mtu anazunguka anazunguka mpaka anakaa chini na jambo halijasemwa. Mie leo nalitaja kwa jina lake.

Mwaka huu masika yalipoisha nilikuwa na muhogo uliokwisha simama vizuri, miezi kumi na moja, zimebaki siku nne tu niite vijana wa kung'oa, gari nishazungumza nayo, mnunuzi wa mjini nishampa neno. Usiku wa Alkhamis kuamkia Ijumaa ikanyesha mvua ya kuchelewa, ile ya ghafla, ardhi ikalainika. Asubuhi naingia kondeni na kikapu changu nikaona pale mbele kama pamelimwa, udongo umepinduliwa mweusi, nikafikiri labda watoto wa jirani wamechimba, nikasogea. Mashina 312. Niliyahesabu moja moja maana nilijua nitaulizwa. Mengine yamekulwa kabisa, lakini mengi, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, mengi yameng'olewa yakatafunwa kidogo tu, muhogo umebaki nusu, umelala pale mweupe na alama za meno.

Sasa mtu asiyekuwa wa huku atasema si ungeokota hizo nusu ukauza au ukala. Hatuli. Sie ni watu wa madhehebu ya Shafi, alichotia mdomo nguruwe kikiwa na majimaji kimenajisika, kukisafisha ni kukosha mara saba na moja iwe kwa udongo, nani atanunua muhogo huo sokoni hata ukiapa kwamba umeuosha, na mimi mwenyewe moyo wangu hauwezi kuupeleka kwenye chungu cha watoto. Kwa hiyo nguruwe akila robo, sie tumepoteza zote. Bwana shamba anapokuja na kalamu yake akaandika "uharibifu asilimia ishirini na tano" anakuwa ameandika alichokula nguruwe, hajaandika alichopoteza mkulima. Naomba hili mlielewe kwanza kabla hamjaenda mbele, kwa sababu fomu zenu zote zimetengenezwa na mtu ambaye hakulifikiria.

Basi nikaenda kuripoti. Ofisi ya mwanzo nikaambiwa huyu mnyama anatoka msituni, nenda kwa watu wa misitu. Nikaenda, nauli ya daladala kwenda na kurudi, nikaambiwa huyu ni mharibifu wa mazao, mambo ya mazao ni ya kilimo, ungerudi ulikotoka. Nikarudi. Nikapewa fomu. Fomu ina sehemu ya kuandika aina ya mdudu au ugonjwa, nikaandika nguruwe, kijana wa pale akaniangalia akasema mama hii ni ya viwavi na kunguru. Sikumlaumu, ni kijana, kapewa karatasi na yeye. Siku ya kumi na moja akaja mtu, saa nne asubuhi, jua kali, akapiga picha nyayo mbili tatu zilizokauka, akanipa pole, akaondoka. Ya tatu hiyo kwangu kwa miaka sita, na kila mara mwisho wake ni pole.

Waheshimiwa, mie nimekaa nimefikiri sana, nikaona tatizo letu kubwa ni kwamba nguruwe huyu hana mwenyewe. Kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, ana mwenyewe. Paa nunga ana mwenyewe. Kasa wana wenyewe, matumbawe yana wenyewe, wageni wanakuja na kamera zao na wafadhili wanakuja na magari yao. Karafuu ina mwenyewe tena mkali. Nguruwe akiwa msituni ni wa msitu, akivuka ukuta wangu anakuwa si wa mtu. Akirudi msituni alfajiri, kashiba, anakuwa wa msitu tena na nikimfuata kule na mapanga na mbwa bila kibali mie ndio mkosa.

Na mtu asidhani namchukia. Mie nimekulia huku, baba yangu alikuwa akinichukua kondeni kulinda nikiwa mdogo, na niliwaona mara nyingi kabla hata ya kumwona kima punju kwa karibu. Ni mnyama wa ajabu kwa kweli. Mkubwa ana manyoya marefu mgongoni yanasimama akikasirika, uso umepauka, masikio yana vishungi, na vitoto vyake vikizaliwa vina mistari ya kahawia na njano kama tikiti. Wanatembea ukoo mzima, dume mmoja, majike, watoto, na wataalamu wanaandika kwamba yule dume haachi watoto kwa mama yao kama wanyama wengine, naye analea, anakaa mbele kupigana. Chonge zake za chini zinasagana na za juu zinabaki kali kama kisu, ukimtazama huzioni sana zimefichwa na mdomo, lakini waulizeni wasasi mbwa wao wanapasuliwa na nini. Usiku ndio wake. Ana pua ambayo inanusa kiazi kilicho chini ya udongo, na msituni hiyo kazi yake ya kufukua inapindua ardhi, inazika mbegu, anakula mizizi, matunda yaliyoanguka, wadudu, mizoga, mayai, hachagui. Kwa hiyo ana kazi yake kule. Sitaki mtu anisome aseme mama huyu anataka nguruwe wamalizwe, maana hilo nalisikia kwa wengine na nalipinga.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la kijiji kila akiharibu utaona mtu anaandika serikali ilete bunduki waishe wote siku moja. Haiwi. Kule Galapagos, visiwa vya Amerika ya Kusini, kisiwa kimoja kinaitwa Santiago, waliamua kuwaondoa nguruwe walioletwa na watu, iliwachukua kama miaka 30 na kuua nguruwe zaidi ya 18,000, na kisiwa kile hakina watu wanaoishi na makonde yao kama sisi. Na tena wale waliletwa na meli. Hawa wa kwetu Unguja ni ndugu wa wale walioko bara, na kisiwa hiki zamani za kale kilikuwa kimeungana na bara kabla bahari haijapanda, pale pango la Kuumbi, Jambiani, wataalamu wamechimba mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo ukimwambia mtoto kwamba walitembea Unguja atakuona muongo. Huko Pemba ndio husemwa nguruwe wa pori ni wa ukoo mwingine, wa kizungu, wazee wanasema waliachwa na Wareno. Wa kwetu ni wa Afrika.

Na tulishawahi kumaliza mnyama sisi. Chui. Chui wa Unguja, mdogo kuliko wa bara, watu waliamini wapo wachawi wanaomfuga na kumtuma kwa wenzao, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni kubwa ya kumsaka pamoja na hao waliodaiwa kuwa wafugaji wake, na leo chui utamkuta makumbusho, ngozi iliyojazwa. Baba yangu alikuwa akisema siku zile chui anasikika nyuma ya konde watu wanafunga milango, lakini muhogo ulikuwa unalala salama kuliko sasa. Kokote Afrika chui ndiye anayekamata nguruwe pori, hasa watoto wao. Tumemuondoa mlinzi, mwizi kabaki peke yake, halafu mkulima anaambiwa alinde yeye. Nani atafanya kazi ya chui? Mie na tochi yangu ya simu?

Ngoja niwaelezeni kulinda kulivyo, kwa sababu mnapoandika kwenye ripoti "wakulima wanashauriwa kulinda mazao yao" nahisi hamjui mnachosema. Unajenga dungu, miti minne na chanja ya kulalia na makuti juu. Unapanda saa mbili usiku baada ya kuswali Isha. Unakuwa na debe la kupiga, jiwe, tochi, chupa ya chai. Mbu wa maweni si mbu wa mjini. Saa sita hivi usingizi unakuja kama maji, na wao wanajua, wallahi wanajua, wanasubiri kimya kile. Unasikia kijiti kimevunjika upande wa kusini, unapiga debe, wanaruka wanakwenda, dakika arubaini wanaingia upande wa kaskazini. Alfajiri unashuka, unakwenda kuswali, ukirudi maji yametoka unakimbilia mwani. Miezi mitatu hivo. Mwanangu wa kiume alikuwa akinishika mkono kulinda, zamu yake siku nne kwa wiki, mwalimu akaniita skuli akaniambia mtoto analala darasani, akafeli mitihani ya mwaka ule, mtoto ambaye alikuwa wa tatu wa darasa. Mimi nimemtoa dunguni. Sasa nalinda mwenyewe na dada yangu, na dada ana pumu.

Wazee wetu walijenga kuta za mawe. Ukipita Makunduchi na Jambiani bado mtaziona, zimezunguka makonde, mawe yamepangwa bila saruji, kiuno cha mtu mzima na zaidi, juu wanaweka miiba. Zile zilijengwa na ukoo mzima kwa msaragambo, watu thelathini wanakuja wanapewa wali, siku mbili ukuta umesimama. Leo vijana wako mahotelini Paje na Nungwi, mawe yenyewe yananunuliwa na wanaojenga, gari linapita linabeba ukuta wa babu yako kwa bei ya jiwe. Mie ukuta wangu una matundu matatu na siwezi kuuziba peke yangu.

Sasa linakuja jambo la kuogopesha zaidi, na hapa naomba msome polepole. Watu wameanza sumu. Sitaji mtu, lakini jirani mmoja mwaka jana alichanganya dawa fulani ya kilimo kwenye muhogo akatega pembeni ya konde. Nguruwe hatukumuona aliyekufa. Tulimuona mbwa wa msasi, tukaona kuku saba wa bibi mmoja mjane, tukaona kunguru, na kwa siku tatu tulikuwa tunawafungia watoto ndani. Ile dawa ilikaa pale mvua ikanyesha, na kisima chetu kiko mteremko wa chini. Mtu yule si mbaya, ni mwenye njaa, alishapoteza konde mara mbili. Na wanaotega vitanzi vya waya vilevile, wanatega njia ya nguruwe anapita paa. Paa nunga, mnyama ambaye duniani mtamkuta hapa kwetu na misitu michache ya pwani ya Kenya basi, ndio mkachukua wengine mkawapeleka kisiwa cha Chumbe wakae salama, anakuja kufa kwenye waya uliotegewa nguruwe. Mnatumia nguvu zote hizo kumlinda paa na mlango wa nyuma mmeuwacha wazi, kwa sababu anayemuua paa ni tatizo la nguruwe ambalo halina ofisi.

Kuna wasasi wetu. Msasi haogopi mwiba, walisema wahenga, na hawa wa kwetu hawaogopi kweli. Wanatoka na mbwa, mikuki, nyavu, wanajitolea, hawalipwi kitu, wanakijiji tunawachangia mchele na sabuni. Wanadharauliwa pia, maana wanashika mbwa na wanashika nguruwe, watu wengine hata mkono hawawapi, wakati wao ndio wanaotulinda sisi tuliotahirika na mikono safi. Mbwa wakipasuliwa na chonge hakuna wa kuwashona, dakta wa mifugo yuko mbali na analipwa. Wengi wao wazee sasa. Nawaombeni hawa muwatambue, muwape kitambulisho, mafunzo, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wao, na muwapangie wapi waende na wapi wasiende na msimu gani, ili mbwa wasije wakaingia kwa paa. Hivi sasa mnawaita siku mnayotaka na kuwakamata siku nyingine.

Na nguruwe akishauliwa anakwenda wapi? Hili nalo hatulisemi kwa aibu. Mwengine anaachwa porini ananuka. Mwengine, tunajua, inakuja pikipiki usiku, inabeba, inauzwa kwa wasiokuwa waislamu. Mie sina neno na wanaokula, kila mtu na dini yake, riziki ya Mungu kubwa. Neno langu ni kwamba haipimwi. Ipo homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, nguruwe wa kufugwa akiupata anakufa karibu wote na dawa hakuna, lakini hawa wa pori wanaweza kuubeba wala wasiumwe. Binadamu haumdhuru lakini mfugaji unamfilisi. Ulitoka Afrika yetu hii, mwaka 2018 ukafika China, 2019 Indonesia na Ufilipino, umeua nguruwe wa kufugwa kwa mamilioni na ukaingia mpaka kwa nguruwe wa mwituni wa visiwa vya kule. Nyama mbichi inayopanda boti usiku bila kupimwa, kwenda au kuja, ni hatari kwa ndugu zetu wa bara wanaofuga, na wale hawana kosa lolote.

Nimetaja Indonesia kwa sababu kuna jambo nilisoma likanikaa moyoni. Kule kuna kisiwa cha Sulawesi, ndani ya pango kuna picha ya nguruwe imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu, waliipima wakakuta ina miaka isiyopungua 45,500. Fikirieni, mtu wa zamani zote hizo, kitu alichoona kinastahili kuchorwa ni nguruwe wa kisiwani kwao. Na wana nguruwe mwengine wanamwita babirusa, maana yake nguruwe paa, dume lake chonge za juu hazitoki mdomoni, zinatoboa ngozi ya pua zinapanda juu zinapinda kuelekea machoni, ukiona picha utasema imetengenezwa. Visiwa vidogo vya jirani, Togian, watu wake wengi ni waislamu kama sisi, nyama yake hawali kama sisi, ana aina yake pale isiyopatikana pengine, na anaingia mashambani kama wa kwetu. Mwaka 2004 serikali yao ikafanya visiwa vile kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo 2004 sisi tukaufanya msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa. Nilipoona tarehe zile nilikaa nikatafakari sana. Nguruwe wa kule ana sheria kwa jina lake tangu mwaka 1931, enzi za Waholanzi. Wa kwetu jina lake mtu anaona haya kulitamka.

Na msiseme haiwezekani, kwa sababu imewezekana kwa kima punju hapa hapa. Miaka ya tisini wakulima wa kuzunguka Jozani walikuwa wanalia kima anakula mazao yao na wengine walikuwa wanataka kumuua. Wakakaa wakazungumza, ikawekwa taratibu kwamba fedha ya kiingilio cha watalii sehemu yake irudi kwa wakulima na vijiji. Watu wakaona kima naye analeta kitu. Kufika 2017 wataalamu wakatangaza wamehesabu kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhani. Ile ni kazi nzuri na mie naisifu kwa moyo mmoja, waliofanya Mungu awalipe. Lakini kima anahesabika na kulipiwa kwa sababu mgeni anamlipia kumwangalia. Nguruwe hapigwi picha na mtalii, anatoka usiku, hana sura ya kuweka kwenye fulana. Kwa hiyo hasara yake tunabeba sisi peke yetu, tena ndio hasara kubwa zaidi ya zote huku kwetu, muulizeni mkulima yoyote wa maweni baina ya kima na nguruwe yupi anamkosesha usingizi.

Ninachokuomba basi, waheshimiwa. La kwanza kabisa na nitafurahi hata likiwa hilo peke yake: semeni ni wa nani. Itajwe ofisi moja, mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa, kwamba nguruwe akiharibu unapiga hapa, awe wa misitu awe wa kilimo mie sijali, ila asinirushe kwa mwenziwe. Wahesabiwe kama walivyohesabiwa kima, maana huwezi kupanga kupunguza kitu usichojua kipo kingapi. Ile fomu ibadilishwe, iandikwe hasara kwa shina lililong'olewa na siyo kwa shina lililokulwa, na muelewe kwa nini.

Halafu kuta. Fedha kidogo ya kurudisha kuta za wazee ingefanya zaidi ya semina kumi, tuleteeni gari la mawe na chakula cha watu siku mbili, msaragambo tutaufanya sisi, mikono tunayo. Penye vijiji vilivyobanana na msitu jaribuni fensi ya waya wa umeme wa sola hata konde kumi za pamoja, tuone, tujue inafaa au haifai kwenye mawe yetu. Jaribuni zizi la mtego, lile kubwa la miti na mlango wa kuanguka linalokamata ukoo mzima kwa mara moja, kwa sababu ukipiga mmoja wengine wanatawanyika na wanakuwa wajanja zaidi. Sumu ipigwe marufuku kwa sauti kubwa, redioni, misikitini, na anayeuza aulizwe anauza kwa nani. Lakini msije na marufuku mikononi bila kitu chengine, mtu mlienda kumnyang'anya sumu mumkute hana ukuta, hana msasi, hana fidia, atainunua tena wiki ijayo kwa siri.

Najua mtaniambia bajeti. Mie sina elimu ya bajeti. Najua tu kwamba mwani bei yake inapanda na kushuka sisi hatuulizwi, na ile aina nene yenye bei nzuri inakufa maji yakipata joto, wanawake wengi wa pwani hii tulioanza mwani tangu miaka ile ya 1989 na 1990 tumerudi kondeni kutegemea muhogo. Muhogo ndio akiba yetu. Ukikosa pesa unang'oa shina mbili unapika. Mwaka huu Ramadhani nilinunua muhogo sokoni, mimi, mkulima wa muhogo, nikaulipia kwa pesa ya kukopa.

Jambo la mwisho. Vuli inakuja, nishaanza kusafisha konde jipya nyuma ya lile la zamani, mbegu nimepewa na shemegi yangu, na dungu tumelihamisha. Yule aliyekuja saa nne asubuhi kupiga picha za nyayo, au mkubwa wake, au mkubwa wa mkubwa wake, namkaribisha. Ila asije asubuhi. Aje saa tatu usiku, avae suruali nene na viatu vya kufunika, chai nitapika mimi na mkate wa kumimina utakuwepo. Tutapanda dunguni mimi, yeye na dada yangu, tutazima tochi. Ikifika saa nane nitamgusa bega nimuonyeshe upande wanakotokea.

Wassalaam,
Mkulima wa muhogo na mwani, Kusini Unguja